Shule Iliyojengwa na Wezi

Wageni wakija kijijini kwetu, huko juu ya Mlali ambako pikipiki zinagoma na miguu inaanza kazi, huwa tunawapeleka kuiona shule. Wanapiga picha, wanausifu ukuta, wanauliza ni mfadhili gani aliyetoa mawe mazuri namna ile. Tunatazamana. Mwenye adabu kuliko wote anajibu kwamba ni nguvu za wananchi. Jibu hilo si uongo, ila halisemi ni wananchi gani. Shule ile imejengwa na wezi. Mimi mwenyewe naweza kukutembeza: kona hii ni mikungu ya ndizi, pale chini ya dirisha ni kuku wawili na sufuria, na ule mstari ulionyooka karibu na mlango ni kabichi za parokia.

Aliyewapa wezi kazi ya ujenzi ni mwenyekiti wetu wa kijiji wa miaka ile. Jina lake silitaji, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Hata mke wake alimwita Mwenyekiti, na majirani wanasema alimwita hivyo hata walipogombana. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye koti la suti la kahawia ambalo suruali yake hakuna aliyepata kuiona, mabuti ya mvua kiangazi na masika, na mwavuli mweusi ambao hakuufungua hata siku moja. Mwavuli ulikuwa wa kunyooshea watu.

Niseme mapema kwamba nilimpenda, na kwamba alinichosha. Alikuwa mtu wa haki namna ambayo inawafanya majirani wabadili njia. Heshima yake yote aliiegemeza kwenye neno moja alilolisema kila mkutano: jiwe halichagui mtu. Mtoto wa nani, ndugu wa nani, anasali wapi, hayo hayakumhusu. Ukiiba unabeba. Siku neno hilo litakapoonekana la uongo, alisema, tumvue koti na tuubomoe ukuta.

Habari ya mawe ilianza na mto. Watoto wetu wadogo, wa darasa la kwanza na la pili, walikuwa wakishuka bondeni, wanavuka mto, halafu wanapanda upande wa pili kwenda shule. Kiangazi ni matembezi. Masika ni kitu kingine. Mwaka mmoja binti wa jirani yangu alisombwa na maji, akanaswa kwenye mizizi ya mkuyu, wakamtoa hai akiwa ameshika kalamu tu. Mama yake hakumrudisha shule mwaka mzima, na hakuna aliyemlaumu. Wakubwa wa wilaya wakaja, wakasikitika, wakasema tujenge shule shikizi huku huku juu kwa ajili ya wadogo. Wananchi tupandishe boma mpaka kwenye lenta, wao wataleta bati.

Mwenyekiti akaitisha msaragambo, kazi ya wote isiyo na malipo, tusombe mawe kutoka mtoni. Wiki ya kwanza tulikuja wengi, tukaimba. Wiki iliyofuata wengi wetu tulikuwa na misiba. Sijui kama kijiji chetu kiliwahi kuwa na wagonjwa wa kiuno wengi kama msimu ule. Mwishowe walibaki yeye na katekista, nao hawakuwa wakiongea vizuri tangu uchaguzi. Mawe yalilala mtoni na boma likawa msingi wenye magugu.

Ndipo akakamatwa mwizi wa ndizi. Vijana walikuwa tayari na fimbo, wengine wakitaka kumteremsha mjini kwa polisi. Mwenyekiti akafika na mwavuli wake, akamzunguka yule mtu kama anayenunua ng'ombe, akamminya bega. Akasema mkimpiga atapona na ndizi hazirudi, mkimpeleka mjini mwenye ndizi atapoteza siku za kulima akienda na kurudi kutoa ushahidi. "Huyu ana mabega," akasema. Siku hiyo boma lilipata mawe mengi kuliko mwezi mzima wa msaragambo.

Kuanzia hapo kila Jumamosi baraza lilikaa kwenye ghala la zamani la ushirika, ambalo mpaka leo linanuka kahawa ya watu waliokwisha kufa. Mwenyekiti alifungua kwa sala, akaamuru simu zizimwe, na kabla hajaketi simu yake ikaita. Alikuwa akipokea na kumwambia binti yake aliyeko Dar es Salaam kwamba yuko mahakamani. Hapo mtendaji wa kijiji, kijana msomi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alikuwa akiinua mkono na kukumbusha kwamba kijiji hakina mamlaka ya kuhukumu wizi. Alikumbusha kila Jumamosi, na kila Jumamosi alijibiwa vilevile.

"Hatuhukumu wizi, mtendaji. Tunakusanya mawe."

Kanuni yake moja ilikuwa ya ajabu, na nadhani hakuna hakimu mwingine aliyeifikiria. Aliyeibiwa ndiye aliyechagua mawe. Mwenyekiti alisema yeye hawezi kujua kuku wa mtu mwingine anauma kiasi gani, kwa hiyo aliyeumia aende mtoni akachague mwenyewe. Watu walikwenda mtoni na hasira zao, kijiji kizima nyuma yao. Mama mmoja aliyeibiwa kuku mmoja tu, tena mgonjwa, alichagua jabali ambalo hata tembo angeomba msaada. Mwenyekiti akalitazama, akasema hilo ni la serikali kuu, achague lingine la ngazi ya kijiji.

Yeye mwenyewe hakushuka mtoni. Kazi yake ilikuwa kupokea. Alisimama kwenye boma, mwavuli mkononi, na kila jiwe lilipofika aligonga kwa ncha ya mwavuli, akasikiliza mlio, akaonyesha pa kuliweka. Fundi wa ukuta alikuwepo na alilipwa kwa kazi hiyo hiyo, lakini hakuthubutu kubishana na mwavuli.

Usidhani alikuwa malaika. Parachichi za watu alizila waziwazi. Alipita shambani kwako, akaliminya moja, akalichuma, akala akikuuliza habari za watoto, na mbegu akakuachia uipande. Siku moja nilimuuliza hilo nalo linaitwaje. Akasema linaitwa ukaguzi. Na kuna ile kesi ya jogoo. Jogoo aliibwa, akapatikana, akawekwa nyumbani kwa Mwenyekiti kama ushahidi mpaka siku ya baraza. Baraza likaahirishwa kwa sababu ya mvua, kisha kwa sababu ya mazishi, na katikati hapo diwani akaja na wageni wake bila taarifa. Kesi ilipoitwa, mwenye jogoo akataka kumwona jogoo wake. Mwenyekiti akasimama, akavua kofia, akatangaza kwamba ushahidi ulitumika katika shughuli za serikali. Mwizi alibeba mawe hata hivyo. Mwenye jogoo alipewa kuku jike na Mwenyekiti, tena anayetaga, lakini mpaka leo anasema jogoo ni jogoo.

Wala sisemi hayo ili umdharau. Kuna jambo moja alilifanya ambalo mahakama kubwa haziliwezi. Mtu akishamaliza kubeba, Mwenyekiti hakuruhusu aitwe mwizi tena. Neno lake lilikuwa moja: ameshabeba. Mwanamke mmoja alimwita mwenzake mwizi kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wakati yule mwenzake alikuwa ameshabeba mawe yake yote ya sufuria. Jumamosi iliyofuata aliyetukana ndiye aliyekuwa njiani na jiwe begani, na yule aliyetukanwa ndiye aliyemchagulia. Mwizi wa ndizi wa kwanza kabisa leo ni mjumbe wa kamati ya shule, anaheshimiwa, na akinywa kidogo anawaonyesha watoto mawe yake.

Shida ikaja upande ambao hatukuutazamia. Wezi waliisha. Watu waliona ndizi moja ni mawe mangapi, wakaamua kulima. Ukuta ukasimama kwenye madirisha. Mimi sijapata kuona kiongozi mwingine anayehuzunishwa na amani. Alianza kupita mashambani asubuhi, anakusalimu vizuri, halafu anauliza kama hujapotelewa na kitu. Unamwambia hapana. Anakuuliza kama umeangalia vizuri, hata nyuma ya nyumba. Bibi yangu mdogo alikasirika, akamwambia akitaka mwizi sana aende bungeni, huku hakuna.

Njaa ya wezi ilimfanya apokee kesi ambazo zamani angezicheka. Mke alimshtaki mumewe kwa kufunua sufuria na kula nyama iliyokuwa ya wageni. Mwenyekiti alifikiri kidogo tu, kisha akasema wizi hauna ndoa. Mke akaenda mtoni, akachagua vijiwe vilaini vya kusugulia miguu, mume akavibeba kwenye mfuko wa shati akipiga mluzi, na Mwenyekiti akavigonga kimoja kimoja kwa mwavuli na sura yake ya kazi.

Kisha akafanya kosa ambalo hata mtoto wa kwetu hawezi kulifanya. Kwenye matanga ya mzee mmoja, watani wa ukoo ule walikuja kama desturi, wakafanya vituko, wakaigiza marehemu anavyokoroma, na mmoja wao akaondoka na sufuria la nyama. Hilo si wizi. Mtani kwenye msiba anachukua, unamtukana, anakutukana, mnacheka, na mwishowe unamgombolea kitu chako kwa pombe au kuku. Kila mtu anajua. Mwenyekiti naye alijua, lakini ukuta wa chumba cha kwanza ulikuwa umebakiza kona moja, na kona ilimpofusha. Akamhukumu mtani.

Watani hawakukata rufaa. Walikuja ukoo mzima, akina mama na vigoma, wakabeba mawe kwa nyimbo za kumtukana Mwenyekiti kuanzia mabuti mpaka kofia, kona ikajaa kwa asubuhi moja. Halafu wakaingia kwenye ghala, wakachukua kiti chake cha uenyekiti, wakaondoka nacho. Baraza lilikaa wiki kadhaa huku hakimu akiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikigomboa kiti kwa beberu na madebe ya pombe, na watani walikirudisha kikiwa kimefungwa kitenge kama bibi harusi. Alicheka siku ile. Ndiyo mara pekee nilipoona meno yake ya nyuma.

Kicheko hicho hakikudumu, kwa sababu wezi walirudi wakiwa wamejifunza ujanja. Walikiri vizuri barazani, wakasubiri mawe yachaguliwe, kisha alfajiri wakateremka Mlali, wakapata gari, mchana wako Msamvu wanatafuta basi la kwenda popote. Ukuta wa chumba cha pili unamsubiri mtu aliyekwisha kuvuka Dodoma. Mwenyekiti aliwaza, akaamka na sheria mpya, nayo aliitoa ndani ya desturi zetu wenyewe. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba ndiye anayeitwa mpwa akioa, na mpwa akiharibu. Basi akatangaza: mpwa akikimbia, mjomba wake atabeba.

Tulipiga makofi. Lazima niseme tulipiga makofi, kwa sababu ilionekana ni akili kubwa, na wengi wetu tuliopiga makofi hatukuwa wajomba wa mtu. Watu wengine wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi tulimpata mjomba. Wapwa wakatulia kweli, maana hakuna aliyetaka kumwona mjomba wake njiani na jiwe. Isipokuwa mmoja, kijana wa bondeni aliyeiba gunia la karoti zilizokwisha kuoshwa, akatoroka usiku huohuo.

Mjomba wake alikuwa mzee kuliko Mwenyekiti mwenyewe, mtu mpole wa kifua kibovu, anayefuga nyuki. Alikuja bila kuitwa mara ya pili. Alibeba kidogo kidogo, akipumzika kila penye kibao cha kukalia na pasipokuwa nacho. Mwenyekiti alisimama shuleni akipokea, akigonga, akionyesha pa kuweka. Siku ya mwisho mzee yule alisema mbele ya watu kwamba mawe ni mazito kwa umri wake, na kama inawezekana apunguziwe. Mwenyekiti akamjibu kwamba mjomba anayelalamika hakumfunza mpwa wake. Yule mzee aliyamaliza mawe yake, akarudi kwa nyuki wake, na tangu hapo anatembea na fimbo.

Mwaka uliofuata niliibiwa bomba la kupulizia dawa. Anayelima nyanya milimani kwetu anajua maana yake. Mvua ndefu inaleta ukungu, na ukungu haungoji ukope bomba la jirani, kwa sababu jirani naye anapulizia siku hiyohiyo. Nyanya zangu zilianza kuwa nyeusi kuanzia chini. Bomba lile nililijua kwa mkanda wake, nilioushona mwenyewe kwa kipande cha kitenge cha bluu baada ya ule wa dukani kukatika. Dereva mmoja wa bodaboda akauona mkanda huo Mlali, mgongoni kwa mtu, akauliza kalipata wapi. Jina likarudi kijijini kabla ya bomba.

Jina lilikuwa la mpwa wa Mwenyekiti, mtoto wa dada yake wa pekee. Kijana mkubwa, mwenye kifua, aliyelelewa nyumbani kwa mjomba na ambaye kwa desturi yetu ndiye angekuja kushika nafasi yake katika ukoo. Kila mtu alijua. Jumamosi ile ghala lilijaa mpaka madirishani. Mjumbe mmoja alikohoa, akapendekeza kwamba haya ni mambo ya kifamilia, tuyamalize nyumbani. Mwingine akasema mvua inakuja. Mwenyekiti hakumtazama yeyote kati yao. Alimuuliza kijana kama alichukua, kijana akakubali huku akichezea simu. Alimuuliza kama ana la kusema, akasema hana. Kisha akanigeukia.

"Mama, nenda mtoni."

Nilikwenda. Nilikwenda na nyanya zangu zote kichwani, na nilichagua bila huruma, kwa mabega ya yule kijana. Nilitafuta mawe ambayo mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuyabeba, lakini kwa shida, na njia nzima akumbuke bomba. Watu walinisifu. Jumapili baada ya misa tukasikia kijana hayupo. Ameonekana Msamvu, kapanda basi la Dodoma. Baadaye tulipata habari kwamba aliteremka Gairo na anapakia magunia ya mahindi kwenye malori, yaani alikimbia kubeba akaenda kubeba.

Jumapili jioni hapakuwa na mazungumzo mengine kijijini. Wengi waliamini Mwenyekiti atapata kipengele cha sheria cha kumwokoa, maana kiongozi hakosi kipengele. Wajumbe walimwendea nyumbani. Mmoja alisema sheria ya wajomba haikukusudia viongozi walioko madarakani. Mwingine alisema ukoo utafute mjomba mdogo, hata wa mbali. Mtendaji, ambaye kwa mara ya kwanza sheria yake iliwafurahisha watu, alieleza kwa upole kwamba baraza lote lilikuwa batili tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna hukumu na hakuna jiwe. Nasikia Mwenyekiti aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akasema kijana ana mjomba mmoja.

Jumatatu alivua koti. Tulikuwa hatujamwona bila koti. Mashati ya wazee wengine yanaficha mwili, la kwake lilionyesha mifupa ya bega ikisimama yenyewe. Mwanzoni watu walijipanga njiani kama wanaongoja bendi. Mwizi wa ndizi alikaa kwenye benchi la mgahawa na chai yake, akatabasamu. Wanafunzi waliimba. Mwenyekiti alipita na jiwe la kwanza hatazami mtu, akapita na la pili, na kufikia katikati ya wiki benchi la mgahawa lilikuwa tupu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ameketi. Vijana wawili walijaribu kumpokea. Aliwakumbusha kwamba anayemsaidia mwizi kubeba ni mwizi mwenzake, naye angewaita Jumamosi. Wakarudi nyuma.

Mimi nililala vibaya wiki ile. Bomba lilikuwa limerudi, nyanya zilizobaki nilikuwa nazipulizia, na kila nilipovaa mkanda wa kitenge nilimwona Mwenyekiti njiani. Yalikuwa mawe yangu. Niliyapima kwa kijana, na aliyekuwa nayo ni mtu wa umri wa baba yangu. Asubuhi moja ya manyunyu nikaacha dawa ndani ya ndoo, nikashuka njia ya mtoni kwenda kuyafuta maneno yangu.

Nilimkuta kwenye kona ya njia, amekaa kwenye gogo, jiwe liko chini mbele ya miguu yake. Nililitambua. Lilikuwa refu, lenye mstari mweupe katikati.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Nyanya zinaendeleaje?"

Nilimwambia nusu zimekufa, nusu zitapona. Akanipa pole, pole ya kweli. Nikamwambia nimekuja kufuta mashtaka, bomba nimelipata, nimesamehe, na nitasema hivyo barazani mbele ya watu wote. Alitikisa kichwa taratibu.

"Ukifuta, mimi nitapumzika. Na wale niliowabebesha nitawaambia nini? Kwamba mawe yalikuwa ya kwao tu?"

Manyunyu yalikuwa yanamlowesha mgongo na hakujali. Alilitazama jiwe muda, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Yule mzee wa bondeni, wa nyuki. Alikuwa anapumzika wapi?"

"Hapo ulipokaa."

"Hapa?"

"Hapo. Na pale juu kwenye mgomba ulioanguka, na karibu na mashine ya kusaga. Alipumzika kila mahali, Mwenyekiti."

"Mbona mimi sikumwona?"

"Ulikuwa shuleni, unapokea."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amemaliza, nikaanza kumwonea huruma, na huruma ikanifanya nitake kunyamaza. Lakini akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mzee yule hakulalamika. Hapo nikaona haifai. Kumpa mtu kama yule uongo wa kumliwaza ni kumwibia.

"Alilalamika," nikamwambia. "Alisema mawe ni mazito. Wewe ukamwambia mjomba anayelalamika hakumfunza mpwa wake."

Mtu alipita kando yetu na mzigo wa karoti, akatuona, akaongeza mwendo. Mwenyekiti alijifuta uso kwa kiganja, na sijui alikuwa anafuta nini, kwa sababu sote tulikuwa tumelowa.

"Nilisema hivyo," akasema. "Na ni mkubwa kwangu yule. Nikimaliza hili nitakwenda kwake."

Kisha akasimama, akashika kigogo cha mti mpaka miguu ikakubali, akageuza bega kwangu.

"Nitwike, mwanangu."

Alijua anachokiomba, na mimi nilijua, maana kanuni ilikuwa yake: anayemsaidia mwizi kubeba ni mwizi mwenzake. Niliinama nikalishika jiwe kwa mikono miwili, nikavuta, halikunyanyuka. Nilikuwa sijawahi kuligusa. Mtoni aliyeibiwa huonyesha kwa kidole tu. Nikapanua miguu, nikavuta tena kwa mgongo wote, likapanda mpaka kifuani kwangu, na pumzi ikanikata. Nikamwekea begani. Aliyumba, nikamshika kiuno, akatulia, akaanza kupanda. Nilimfuata nyuma yake mikono nikiwa nimeinyoosha, ikitokea limeteleza. Tulipofika shuleni hapakuwa na mtu wa kupokea, kwa hiyo tulilishusha wawili.